Kungojea Shujaa Arudi: Tarehe ya Kisa cha Mbegha katika Milima ya Usambara

Shauku waliyo nayo vijana wa zama hizi, wanapongojea mchezo mpya wa video uendeleze kisa cha shujaa waliyemzoea katika mchezo uliotangulia, hudhaniwa na wazee wengi kuwa ni jambo geni lililokuja pamoja na umeme na vioo vya kung'aa. Na vijana wenyewe, kwa kutoijua tarehe ya nchi yao, aghalabu hudhani vivyo hivyo. Kampuni ya Insomniac Games ya Marekani ilipotoa mchezo wa Marvel's Spider-Man mwaka 2018, wachezaji walisubiri hata Oktoba 2023 ndipo wakaupata wa pili, na katika muda huo wa miaka mitano, ambao mwaka 2020 ulipozwa kidogo na kisa cha kijana Miles Morales, waliulizana, wakabashiri, wakabishana juu ya mavazi ya shujaa, maadui zake na hatima yake. Leo wapo wanaongoja tena. Makusudi ya insha hii ni kuonyesha kwamba katika milima ya Usambara, ambako mji wa Lushoto umekaa juu katika baridi na ukungu, kungojea sehemu ifuatayo ya kisa cha shujaa ni desturi yenye nasaba ndefu, na kwamba wenyeji wa milima hiyo waliifunga desturi yao kwa sharti moja lenye hekima: sehemu ya kwanza humpa shujaa nguvu, lakini sehemu ya pili yapasa iseme nguvu hizo ziliifanyia nini nchi.

Shujaa mwenyewe ni Mbegha. Masimulizi yasema kwamba alitoka Unguu, akaota meno ya juu kabla ya meno ya chini, na mtoto wa namna hiyo, ambaye Waswahili humwita kigego, alihesabiwa kuwa mkosi kwa jamaa zake. Kwa hiyo mauti yalipowafika ndugu zake lawama ilimwangukia yeye, akanyimwa urithi, akaingia mwituni na mikuki yake na mbwa wake, ambao mkubwa wao aliitwa Chamfumu. Alipofika mahali paitwapo Kilindi alipata marafiki, lakini kijana wa mkubwa wa mji alifuatana naye windoni akauawa na nguruwe, na Mbegha, akijua kwamba hapana atakayesadiki udhuru wake, alikimbia na wenzake wachache hata akaingia Usambara kwa upande wa Zirai. Hapo kisa kingaliweza kwisha, kwa kuwa mtu aliyefukuzwa mara mbili ana haki ya kujificha. Lakini kwa wasimulizi wa milimani hapo ndipo kisa kilipoanza, maadamu jambo lililomtenga Mbegha na watu wa kwao, yaani maisha ya mwituni, ndilo lililomfanya awafae watu wa ugenini.

Wakulima wa Usambara walikuwa na adui asiyewapa usingizi, naye ni nguruwe mwitu. Kundi moja likiingia usiku katika shamba lililo kwenye mteremko, migomba michanga hung'olewa, viazi vikuu hufukuliwa, na mwenye shamba akija alfajiri huikuta ardhi imepinduliwa kana kwamba imelimwa na watu wenye hasira. Mbegha aliwasaka nguruwe hao, akawaua, akaikata nyama akawagawia wenyeji. Nao, kwa shukrani, wakampa vyakula vya mashamba yao. Mwanahistoria Steven Feierman, ambaye kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilitolewa mwaka 1974, aliuzingatia sana mpango huo wa nyama ya mwituni kubadilishana na chakula cha shambani, na kwa hakika unastahili kuzingatiwa, maana unaonyesha utaratibu wa mambo: Mbegha alitoa kabla ya kupewa, akahami kabla ya kutawala, na utawala ulipomjia ulikuja kwa miguu ya wazee waliomfuata kumwomba. Wa Bumbuli walimtaka, kisha wa Vuga, mji uliokuja kuwa makao ya wafalme, wakamtaka. Na katika safari ya kwenda Vuga aliua simba, ngozi yake ikawa tandiko la nyumba ya kifalme, na tangu hapo mtawala wa Usambara akawa na jina la heshima la Simba Mwene.

Sasa tazama jinsi watu hao walivyofanya shujaa asife pamoja na mwili wake. Mfalme alipofariki, habari ya mauti yake ilifichwa, na mrithi akaingizwa Vuga usiku, kama Mbegha alivyoingia, ili watu watakapoamka wamkute Simba yupo. Na Buge, mwana wa Mbegha aliyekuwa akitawala Bumbuli, aliletwa kwa njia hiyo akakaa mahali pa baba yake. Kwa desturi hiyo kila mfalme mpya alikuwa sehemu mpya ya kisa kilekile. Raia waliokuwa wakimngojea walikijua kisa cha kwanza neno kwa neno, wakijua ukarimu wa nyama na ushujaa wa simba, nao walimpokea mgeni wa usiku kwa shangwe na kwa mtihani pamoja, kwa kuwa jina la Simba lilikuwa la kurithiwa lakini sifa ya Simba haikuwa ya kurithiwa.

Kipimo cha mtihani huo kilikuwa mvua. Wakilindi, ndio ukoo wa Mbegha, walisadikiwa kuwa na uganga wa kuileta na kuizuia, na Wasambaa walizigawa kazi za nguvu katika mafungu mawili, kuzifya shi, ndiyo kuiponya nchi, na kubana shi, ndiyo kuiharibu. Nguvu ileile iliweza kufanya yote mawili. Mfalme mmoja mwenye nguvu zisizo na mshindani, akishiba kodi na kuridhika na raia wake, aliiponya nchi. Lakini wenye nguvu wawili wakishindana, hali waliyoiita nguvu kwa nguvu, mvua ilipotea, njaa ikaingia, na wanyonge wakalipa gharama ya ugomvi usiokuwa wao. Sijui falsafa ya mashujaa iliyo wazi kupita hiyo. Wanaotunga michezo ya siku hizi hutumia mali nyingi kuonyesha mashujaa wawili wakipigana hata majumba yakaporomoka, na mchezaji hufurahia kishindo. Msambaa wa kale angaliuliza kwanza ni nani waliokuwamo katika majumba hayo.

Sehemu iliyong'aa katika kisa hiki ni zama za Kimweri ye Nyumbai, mjukuu wa ukoo huo wa mwindaji, ambaye milki yake iliteremka kutoka milimani hata ikagusa pwani baina ya Tanga na Pangani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimzuru Vuga mwaka 1848, akarudi mwaka 1852, na aliyoyaandika yalithibitisha kwa watu wa Ulaya kwamba juu ya milima ile palikuwa na dola yenye utii na mpango. Kimweri alitawala miaka mingi hata akazeeka, watoto wake wakatapakaa nchini wakitawala kwa jina lake, na raia wakazoea amani kiasi cha kudhani kuwa haina mwisho. Alifariki mwaka 1862.

Ndipo ikaja sehemu ambayo hapana aliyeitamani. Kiti cha Vuga alipewa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, ilhali Semboja, mwana wa marehemu, alikuwa amekaa Mazinde, chini ya milima, katika njia ya misafara ipitayo bonde la Mto Pangani, ambako bunduki na baruti zilipatikana kwa aliye na kitu cha kuuza. Baba alikuwa ametawala kwa mvua na kodi. Mwana alijifunza kwamba bunduki hununua askari, na kwamba mateka hununua bunduki. Vita vikawaka baina ya watu wa nyumba moja, Vuga ikachomwa moto, Wabondei, jirani waliokuwa chini ya milki hiyo, wakaasi Wakilindi katika fitina iitwayo Kiva, na watu waliozaliwa huru wakateremshwa pwani kuuzwa. Wajukuu wa mtu aliyewagawia wenyeji nyama walikuwa sasa wakiwageuza wenyeji kuwa bidhaa. Hii ndiyo nguvu kwa nguvu kwa maana yake kamili, na ni dhahiri kwamba aliyesimulia habari za Mbegha baada ya miaka hiyo hakuweza tena kuzisimulia kwa moyo uleule.

Msimulizi mkubwa wa mambo hayo alikuwa Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu wa pwani mwenye elimu, aliyeishi karibu na Wakilindi akayajua mambo yao kwa kuona na kwa kusikia. Kitabu chake, *Habari za Wakilindi*, hakikutoka kwa mara moja: kilitolewa kwa sehemu tatu, kati ya mwaka 1895 na 1907, katika matbaa ya misheni ya Kiingereza iliyokuwa Msalabani, Magila, katika nchi ya Bondei. Msomaji aliyeanza na Mbegha na nguruwe zake alipaswa kungoja miaka mpaka karatasi zimfikishe kwenye huzuni ya wajukuu. Na katika kungoja kwake nchi haikungoja: Wajerumani walikwisha kujenga Lushoto wakauita Wilhelmstal, na reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905. Sehemu ya mwisho ilipotoka, wenye jina la Simba hawakuwa tena wenye amri, na kitabu kikawa amana ya nguvu iliyokwisha ondoka mikononi mwao.

Kisha kitabu nacho kikarudi. Mwaka 1962 J.W.T. Allen aliitengeneza upya *Habari za Wakilindi* ikapigwa chapa ya kitabu kimoja, na mwaka huohuo wa 1962, mwezi wa Agosti, huko New York, Stan Lee na Steve Ditko walimtoa Spider-Man kwa mara ya kwanza katika gazeti la picha la bei ndogo. Hapakuwa na mawasiliano yoyote baina ya watu hao, lakini visa vyao vina undugu: pande zote mbili yupo kijana mwenye msiba, aliyetengwa na wenzake, anayepata uwezo wasio nao wengine, na anayedaiwa na watu wake kwa sababu ya uwezo huo. Tofauti ni kwamba kisa cha New York kimeendelezwa kwa miaka zaidi ya sitini na kuenea duniani kwa magazeti, filamu na michezo, na kile cha Usambara kimeachwa kwa wanachuo na wazee.

Hata hivyo kipimo cha kale hakikufa. Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima matuta katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi nzito iliyokula siku za watu na kupunguza mashamba yao, na mfalme wa wakati huo, Mputa Magogo, akasimama upande wa serikali. Wakulima walimhukumu kwa sheria ya babu zao, wakiuliza kama Simba huyu anaiponya nchi au anaiharibu. Mpango wa matuta ukavunjika, na mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu. Kiti kiliondoka, swali lililokizunguka likabaki kuwa mali ya raia.

Mashujaa wa kigeni walipoingia nchini kwa kanda za video, Watanzania hawakuwapokea kwa ububu. Watafsiri wa filamu, ambao aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Lufufu wa Dar es Salaam, waliwatia mashujaa hao maneno ya Kiswahili, wakaeleza, wakalaumu na kusifu kama wafanyavyo wasimulizi wa ngano. Katika michezo ya video pia jirani zetu walikwisha thubutu: Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza mchezo wa *The Adventures of Nyangi*, kisha pamoja na Eyram Tawia wa Ghana akaanzisha kampuni ya Leti Arts mwaka 2009, yenye makao Nairobi na Accra, kwa nia ya kuwainua mashujaa wa Kiafrika katika michezo na vitabu vya picha. Njia, basi, imekwisha kukanyagwa, na hapana sababu ya Mbegha kukaa nje ya safari hiyo.

Fikiri mchezo ambao mwanzo wake ni kigego aliyefukuzwa, mwenye mkuki na mbwa aitwaye Chamfumu, akipanda kutoka Zirai hadi Bumbuli na kutoka Bumbuli hadi Vuga, na ambao hupimwa kwa idadi ya mashamba yaliyookoka pamoja na nyama iliyofika katika kila mlango. Kisha fikiri sehemu ya pili, ambayo mchezaji amepewa nguvu za mvua, na bunduki za Mazinde ziko bondeni zikimwita, naye hana budi kuchagua. Kazi hiyo yahitaji mafundi, na mafundi wapo miongoni mwa vijana wetu. Yahitaji kisa, na kisa kimekwisha andikwa kwa Kiswahili fasaha zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Wala sisemi kwamba kijana wa Lushoto aache kumngojea shujaa wa New York. Amngojee, na afurahi atakapomjia, kwa kuwa furaha ya kungoja hadithi ni furaha halali waliyokuwa nayo babu zake. Bali akija, amtazame kwa jicho alilorithi, asihadaike na wepesi wa mwendo wala uzuri wa mavazi, akaulize kama mashamba ya watu yamepona kwa kuja kwake. Shujaa asiyeweza kulijibu swali hilo hakustahili kungojewa, na anayeweza kulijibu atakuwa ameingia, apende asipende, katika ukoo wa Mbegha.