Matunzo ya mtoto na malimbikizo yake (Ikutha)

Matunzo ya mtoto ni fedha ambazo mzazi asiyeishi na mtoto huamriwa kutoa kwa ajili ya chakula, karo, mavazi na matibabu. Huku Ikutha, kusini mwa Kaunti ya Kitui nchini Kenya, kupata amri ya mahakama si kazi kubwa kama kuzipata pesa zenyewe.

Sheria ya mwaka 1959 iliyomruhusu mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto ilifutwa mwaka 1969 na Bunge lisilokuwa na mbunge mwanamke hata mmoja. Sheria ya Watoto ya 2001 ilirudisha madai hayo shingo upande, kwani wazazi wasipokuwa wameoana mzigo ulianzia kwa mama. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 ilisawazisha wajibu wa wazazi, wawe wameoana au la. Sheria mpya ya Watoto ilianza kutumika Julai 2022.

Katika mila ya Wakamba, pasipo mbuzi wa ntheo, wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, hakuna ndoa, na mtoto huhesabiwa wa nyumba ya babu mzaa mama. Kwenye shauri la matunzo utetezi wa baba kwamba ntheo haikutolewa hauna uzito. Hakimu hutaka kujua mtoto ni wa nani, na baba akikana, kipimo cha DNA huamua.

Mama wengi huanzia kwa chifu au afisa wa watoto. Makubaliano yanayoandikwa huko husaidia, lakini yasiposajiliwa mahakamani hayana meno. Mahakama ya karibu ni Mutomo; walio ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Makueni, hutegemea Makindu. Ushahidi unaobishaniwa sana ni taarifa ya M-Pesa: mama huonyesha miezi mitupu, baba huonyesha mia tano ya unga na mia tatu ya daftari. Wajibu sawa, ifahamike, si kugawana nusu kwa nusu. Mahakama hutazama kipato cha kila mmoja na mahitaji ya mtoto.

Amri ikitolewa na baba asilipe, akiwa mwalimu au polisi mwajiri huamriwa kumkata mshahara. Mvuna mchanga, mkulima wa ndengu au kibarua aliyeshuka Mombasa hana mwajiri wa kuandikiwa barua. Mali yake inaweza kukamatwa, ila shamba mara nyingi bado lina jina la babu, na mbuzi huwa wa boma zima.

Hatua ya mwisho ni mdaiwa kuitwa aeleze kwa nini asifungwe. Hakimu hupima kwanza kama ameshindwa au amekataa, maana ufukara peke yake si kosa. Kifungo cha deni la madai hakizidi miezi 6, na kwa kanuni za kawaida za madai anayedai ndiye hutoa posho ya mfungwa, sharti la ajabu kwa mama aliyekuja kuomba unga. Akitoka, deni bado liko palepale. Aliyepoteza kazi anaweza kuomba kiwango kipunguzwe, lakini asipoomba, malimbikizo huendelea kuhesabiwa kwa kiwango cha awali hadi mtoto afikishe miaka 18, au zaidi mahakama ikiongeza muda kwa sababu ya masomo au ulemavu.