Mzoroto wa utambuzi wa maunzi katika kiini cha mfumo endeshi

Mzoroto ni hitilafu inayoingia katika programu pamoja na badiliko jipya na kuua kazi ambayo toleo lililotangulia lilikuwa likiifanya vizuri. Wengi huiita regresheni. Katika kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu inayosimamia kumbukumbu, kichakataji na vifaa vyote vya mashine, mzoroto unaomfikia mtumiaji upesi zaidi ni ule wa utambuzi wa maunzi: kompyuta inasasishwa jioni, inawashwa asubuhi, na kadi ya mtandao iliyofanya kazi jana haionekani.

Jina hili linahitaji kutetewa. Regresheni imekwisha kukaa katika takwimu, na huko haina uhusiano wowote na kuharibika. Mrejeo nao haufai, kwa sababu mara nyingi dawa ya hitilafu hii ni kurejesha msimbo ulivyokuwa. Ugonjwa na tiba vingeitwa kwa neno moja. Neno mzoroto linafuata njia iliyokwisha kupitiwa na maneno mdororo na mporomoko, na kitenzi chake kinabeba sharti lenyewe la istilahi: hakizoroti ila kilichokuwa na hali nzuri. Kifaa ambacho kiini hakikuwahi kukitambua hakijapatwa na mzoroto. Hicho kinakosa kiendeshi tu.

Utambuzi huanza mashine inapowaka. Kiini cha Linux hupita kwenye basi ya PCI na kusoma namba mbili katika kila kifaa, ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe, kila moja ya biti 16. Kadi ya Wi-Fi ya Atheros AR9285, iliyo ndani ya vipakatalishi vingi vya zamani, hujitambulisha kwa 168c:002b. Namba hizo hulinganishwa na majedwali ya viendeshi. Zikipatikana, moduli ya kiendeshi chake, ath9k, hupakiwa na kupewa nafasi ya kukikagua kifaa. Moduli ikikubali, kadi iko tayari. Ikikataa, hurudisha namba ya kosa, kwa mfano -19, ambayo maana yake ni kwamba kifaa hicho hakipo.

Mzoroto unaweza kuingia popote katika njia hiyo. Mstari mmoja wa jedwali umefutwa wakati wa kusafisha msimbo. Mpangilio wa kuamsha vifaa umebadilika na kadi inakaguliwa kabla haijapata umeme. Kiendeshi kipya kinadai programu dhibiti ambayo haimo kwenye diski. Amri ya lspci -nnk huonyesha tofauti kwa macho. Namba za kadi zikiwapo bila jina la kiendeshi kinachoitumia, kiini kimekiona kifaa lakini hakuna kiendeshi kilichokishika. Namba zisipokuwapo kabisa, tatizo liko chini zaidi, kwenye basi au kwenye kadi yenyewe.

Mjini Kakamega, magharibi mwa Kenya, upambanuzi huu una uzito wa pekee. Ni eneo la mvua nyingi na radi nyingi, na fundi anayeletewa kipakatalishi kisichoona mtandao ana sababu nzuri ya kushuku kwanza kwamba kadi imeungua. Lakini radi na sasisho vinaweza kufika wiki ileile. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro au wa Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Sigalagala anayetumia mashine ya mtumba hapaswi kununua kadi nyingine kabla ya jaribio moja lisilogharimu chochote: kuwasha upya, kuingia kwenye menyu ya GRUB na kuchagua kiini cha awali, ambacho mifumo mingi ya Linux hukiacha kwenye diski. Kadi ikirudi, si radi.

Jaribio hilo lina mipaka, na mfano wake maarufu ni wa mwaka 2008. Wakati toleo la 2.6.27 la kiini likijaribiwa, kadi za mtandao za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e zilianza kufa. Data iliyo katika kumbukumbu ya kudumu ya kadi ilikuwa imeharibiwa, kwa hiyo hata kurudi kwenye kiini cha zamani hakukuzifufua. Wengi walikishuku kiendeshi. Chanzo kilikuja kuonekana kwingine kabisa: ftrace, chombo cha kufuatilia mwenendo wa kiini, kilikuwa kikirekebisha msimbo katika anwani za moduli zilizokwisha kuachiliwa, na baadhi ya anwani hizo zilikuwa zimepewa kumbukumbu ya kadi. Toleo la 2.6.27 lilitoka Oktoba likiwa na kinga ya kuzuia kumbukumbu hiyo isiandikwe, na 2.6.27.1 ikaizima sehemu ya ftrace iliyohusika. Kisa hiki kinaonyesha kwa nini kukisia mkosaji kwa ukaribu wake na kifaa ni hatari.

Badala ya kukisia, wanaotunza kiini hutegemea mgawo wa nusu kwa nusu. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyoanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, huhifadhi kila badiliko kwa mpangilio. Toleo jipya la kiini hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na huweza kubeba zaidi ya mabadiliko 10,000. Amri ya git bisect hupewa toleo moja zima na moja bovu, ikachagua badiliko la katikati. Kiini kinaundwa, kinajaribiwa, na nusu isiyo na hatia inaachwa. Majaribio kama 14 hivi yanatosha kulifikia badiliko moja. Kuunda kiini kwenye kipakatalishi cha zamani huchukua saa nyingi, kwa hiyo ni busara kukiunda kwenye mashine yenye nguvu, kisha kukihamishia kwenye ile yenye kadi.

Hapo ndipo mwenye mashine ya mtumba anapokuwa mtu wa lazima. Msanidi aliyeandika badiliko huenda hana tena kadi ya miaka 15 iliyopita, na kompyuta za majaribio pia hazinayo. Ripoti yenye namba za kifaa, maandishi ya dmesg (ujumbe ambao kiini hujiandikia) kutoka viini vyote viwili na kitambulisho cha badiliko lenye kosa ina thamani zaidi kuliko malalamiko mia ya kwamba mtandao haufanyi kazi.

Kanuni ya Torvalds kuhusu mizoroto ni kali: badiliko lililoharibu kilichokuwa kikifanya kazi hurekebishwa au hutenguliwa, hata kama lilikuwa na nia njema. Marekebisho hurudisha mstari uliofutwa, au huongeza kanuni ya pekee kwa kifaa chenye tabia isiyo ya kawaida. Ujumbe wa marekebisho hayo hutaja kwa herufi na tarakimu 12 badiliko lililoleta kosa, ili watunzaji wa matoleo thabiti wajue ni viini vipi vinavyohitaji dawa hiyo. Kabla ya kupokelewa, kiraka chenye marekebisho hayo mara nyingi hujaribiwa na yule aliyeripoti, kwenye mashine ileile, na jina lake huandikwa ndani ya badiliko kama mjaribu. Mpaka sasisho lenye kiraka lifike, kiini cha awali hubaki ndicho cha kuwashia mashine, na hakifai kufutwa.