Amri Iliyopimwa Mbale

Katika vita dhidi ya malaria, adui si mbu peke yake. Mazoea yasiyopimwa nayo huua.

Kwa miaka mingi madaktari wa nchi tajiri waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vyema, huokolewa kwa kutiwa maji mengi ya chumvi mshipani kwa haraka. Vitabu vya tiba vilifundisha hivyo, na aliyetii hakulaumiwa.

Mwaka 2009 amri hiyo iliwekwa mizanini. Hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale ikiwa mojawapo, zilianza utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuhusishwa. Januari 2011 uandikishaji ulisimamishwa kabla ya wakati. Katika saa 48, kati ya kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka walikufa 10 au 11. Kati ya waliopewa dawa, damu ilipohitajika, na maji kidogo kidogo, walikufa 7.

Askari hutii amri. Lakini jemadari mwema hutanguliza doria. Mbale na wenzake walikuwa doria hiyo, na habari waliyoileta ililipiwa kwa uhai wa watoto. Askari aliye zamu kambini Jinja, huku mwanawe akiugua homa Malukhu, anastahili tiba iliyopimwa, si iliyozoeleka.