Volko Ruhnke: Mbunifu wa michezo ya vita iliyofika hadi misitu ya Mlima Kenya

Misitu ya Mlima Kenya inayopakana na Meru na Embu, ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika miaka ya 1950, siku hizi imo pia juu ya meza za wachezaji wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2023 kampuni ya GMT Games ya California ilitoa The British Way, sanduku lenye michezo minne kuhusu vita ambavyo Uingereza ilipigana huku himaya yake ikisambaratika: Palestina, Malaya, Kenya na Kupro. Aliyeibuni ni Stephen Rangazas. Hata hivyo, kanuni zilizo msingi wa michezo hiyo ziliasisiwa na Mmarekani Volko Ruhnke, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa miongoni mwa wabunifu mashuhuri wa michezo ya vita vya kihistoria.

Ruhnke hakuanza maisha yake ya kazi katika biashara ya michezo. Kwa miaka mingi alikuwa mchambuzi katika Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, na baadaye mwalimu wa wachambuzi wenzake, ambao aliwafundisha kwa kuwachezesha. Ubunifu aliufanya kando ya kazi hiyo. Mchezo wake wa kwanza kupata sifa, Wilderness War, ulitoka mwaka 2001 na ulihusu vita vya Waingereza na Wafaransa huko Amerika Kaskazini katika karne ya 18. Mwaka 2010 alitoa Labyrinth, kuhusu vita vya Marekani dhidi ya ugaidi. Katika ramani ya mchezo huo Kenya na Tanzania zimeunganishwa kuwa eneo moja. Bila shaka msomaji anakumbuka kwamba balozi za Marekani katika nchi hizo zililipuliwa siku moja, Agosti 7, 1998.

Kabla yake, michezo mingi ya aina hii ilihusu majeshi mawili yanayokabiliana uwanjani. Maofisa wa Prussia walikuwa wakijifunza vita kwa njia hiyo tangu mwaka 1824, na katika karne ya 20 Mmarekani James Dunnigan alibuni michezo zaidi ya 100, mingi ikiwa ya vifaru, manowari na mistari ya mbele. Lakini vita vya msituni havina mstari wa mbele. Mpiganaji hulala nyumbani kwa shemejiye, hula chakula kilichopikwa na mama wa kijiji, na asubuhi yumo shambani na jembe mkononi.

Hilo ndilo pengo ambalo Ruhnke alijaribu kuliziba mwaka 2012 kwa Andean Abyss, mchezo kuhusu Colombia. Washindani ni wanne, kila mmoja na shabaha yake. Kadi hufunuliwa moja baada ya nyingine, na anayetenda sasa hulazimika kusubiri kadi inayofuata ipite. Vipande vya waasi vina pande mbili: upande mmoja mpiganaji amejificha, na wa pili amefichuka. Askari hawawezi kumpiga wasiyemwona, hivyo kwanza sharti wamtafute. La muhimu zaidi, kinachopimwa katika kila wilaya ya ramani ni raia wanamuunga mkono nani, na idadi ya maiti haina uzito huo.

Mfululizo ulioanzia hapo hujulikana kwa kifupi kama COIN, jina litokanalo na neno la kijeshi la Kiingereza la kupambana na waasi. Ruhnke aliuendeleza kwa kushirikiana na wengine. Mwaka 2013 ilitoka Cuba Libre na A Distant Plain ya Afghanistan, mwaka 2014 Fire in the Lake ya Vietnam, na mwaka 2016 Falling Sky, kuhusu Wagalia na Julius Caesar, aliyoibuni pamoja na Andrew Ruhnke. Kisha wengine wakachukua kanuni zake na kuzipeleka Algeria, India, Ufini na Ufilipino. Mwenyewe alihamia vita vya enzi za kati kwa Nevsky, iliyotoka mwaka 2019.

Afrika haikuingia katika michezo hii bila mabishano. Mwaka huo huo wa 2019 GMT iliondoa katika orodha yake mchezo ulioitwa Scramble for Africa, baada ya wengi kulalamika kwamba uliufanya unyakuzi wa bara zima kuwa burudani ya mataifa ya Ulaya yanayogombea alama, huku Waafrika wakiwa kama mandhari tu. The British Way ilitoka miaka minne baadaye, na tofauti yake ni kwamba aliyetawaliwa ana kiti chake mezani. Katika michezo yote minne mmoja huwa Mwingereza na mwenzake huwa mpinzani wake, na kinachoamua mshindi ni utashi wa kisiasa wa Uingereza kuendelea na vita.

Wazee wa Meru na Embu wangeelewa haraka kipimo cha Ruhnke cha raia wanaovutwa huku na huku. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 20, 1952, sheria za kikoloni ziliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kapu moja. Ndio waliosakwa jijini Nairobi katika Operesheni Anvil iliyoanza Aprili 24, 1954. Mwaka huo huo serikali ilianza kuwahamishia watu kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, Embu ikiwemo, na zaidi ya watu milioni moja wakajikuta katika vijiji zaidi ya 800. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki la takriban kilomita 80 kando ya msitu wa Mlima Kenya ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Mapema mwaka 1955 jeshi lilipekua msitu huo katika Operesheni First Flute.

Uaminifu ulipimwa pia kwa karatasi. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, mpiga kura wa jamii hizo tatu alidaiwa cheti cha uaminifu kwa serikali. Vyeti hivyo vilipatikana kwa wingi zaidi Meru kuliko kwa Wakikuyu, na Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, aliyekuwa barazani tangu 1944. Hata kwa Ruhnke ingekuwa vigumu kubuni kadi inayoonyesha vizuri zaidi jinsi vita vya msituni vinavyoamuliwa mbali na msitu.

Anayecheza bao atatambua jambo jingine. Katika bao kete zilizotekwa hazitupwi. Mtekaji huzisambaza upande wake na kuendelea nazo. Waingereza walifanya vivyo hivyo na baadhi ya wapiganaji waliowakamata, wakawarudisha msituni wakiwa wamevaa kama Mau Mau ili wawasake wenzao. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, na hesabu nyingi za kijeshi huishia hapo.

Lakini Musa Mwariama wa Meru hakukamatwa. Alibaki msituni miaka saba zaidi, akatoka Desemba 1963 Kenya ilipopata uhuru na kupokewa na Jomo Kenyatta. Alifariki mwaka 1989. Mwenzake wa Meru, Jenerali Baimungi, alitoka pia lakini hakuridhika, kwani ardhi aliyoipigania haikurudi kama alivyotarajia. Aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru Januari 1965, wakati ambapo katika ramani ya Mwingereza vita vilikuwa vimekwisha zamani.