Mwenzako Akinyolewa: Kitanzi, Risasi na Magendo katika Historia ya Uganda

Kila mara mauaji ya kutisha yanapotokea nchini Uganda, kauli hurudi ile ile: muuaji anyongwe ili wengine wakome. Kauli hiyo ina methali yake ya Kiswahili, ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huijua: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo kwa historia ya Uganda yenyewe, kwani nchi hii imekwisha kuijaribu kwa kitanzi na kwa risasi, gerezani na hadharani.

Tuanzie kwenye chimbuko. Kitanzi cha Luzira kililetwa na sheria ya Kiingereza. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1930 ilimtaka jaji amhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Jaji hakuwa na nafasi ya kuuliza mtu huyu ni nani wala alisukumwa na nini. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, sheria hiyo ilibaki. Waingereza wenyewe walinyonga kwa mara ya mwisho mwaka 1964, na mwaka uliofuata Bunge lao likasimamisha adhabu ya kifo kwa kosa la kuua. Waliotuachia kitanzi walikiacha kabla yetu.

Sisi tulikiongezea kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi ilisumbuliwa na makondo, yaani majambazi wenye silaha. Serikali ya Milton Obote ikafanya unyang'anyi wa kutumia silaha uwe kosa la kunyongwa kwa lazima. Je, makondo walikoma? Mwaka 1972 serikali ya kijeshi ya Idi Amin ilitoa amri ya kuwaruhusu askari watumie nguvu yoyote dhidi ya washukiwa wa unyang'anyi. Kama kitanzi kingekuwa kimewatisha makondo, amri hiyo isingehitajika.

Februari 1973 serikali hiyo iliitoa adhabu ya kifo gerezani na kuipeleka uwanjani. Watu walioshtakiwa kushirikiana na wapiganaji wa msituni walipigwa risasi mbele ya umati katika miji kadhaa, Kabale ukiwa mmojawapo. Lengo halikufichwa: watu waone, waogope. Watu waliona kweli, na wengi waliogopa kweli. Lakini wapiganaji hawakwisha. Mwaka 1979 waliingia Kampala pamoja na jeshi la Tanzania, na Amin akakimbia.

Mfano ulio wazi zaidi unahusu biashara, na ndani yake limo neno la Kiswahili. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini, na baada ya hapo sukari, sabuni na chumvi vikaadimika madukani. Mwaka 1975 Amin alianzisha mahakama maalumu ya kijeshi ya makosa ya uchumi. Kuficha bidhaa, kulangua, kuvusha mali mpakani kwa siri na kuchezea fedha za kigeni yalikuwa makosa ambayo yangeweza kumfikisha mtu mbele ya kikosi cha kufyatua risasi. Mwaka huo huo baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno. Mkulima wa Uganda alilipwa na bodi ya serikali bei ndogo, kwa shilingi isiyonunua kitu, na ng'ambo ya mpaka kulikuwa na fedha ya maana. Kahawa ikavuka kwa magunia hadi Chepkube, upande wa Kenya, na kwa mitumbwi kupitia Ziwa Victoria. Kikosi cha kupambana na magendo kilikuwa ziwani, na askari walikuwa na ruhusa ya kuua. Kahawa iliendelea kuvuka.

Hapo ndipo neno magendo lilipoota mizizi Uganda. Hata asiyejua sentensi moja ya Kiswahili alilijua, na halikuwa tena jina la kuvusha bidhaa mpakani tu, bali la uchumi mzima wa mlango wa nyuma. Ndugu yake lilikuwa kibanda, yaani soko la siri la fedha za kigeni. Maneno hayo mawili ni ushahidi wa kihistoria. Yalienea katika miaka ile ile ambayo vitendo vyenyewe viliadhibiwa kwa kifo. Yalififia baadaye, pale serikali ilipohalalisha maduka ya kubadilisha fedha mwaka 1990, na mara bodi ya kahawa ilipopoteza ukiritimba wake. Kazi ambayo risasi ilishindwa kuifanya ilifanywa na bei ya haki na bidhaa madukani.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Haisemi: mwenzako akinyolewa, kimbia. Inasema tia maji, yaani jiandae ili wembe usikuumize. Hivyo ndivyo walivyofanya wafanyamagendo. Walioona wenzao wakipigwa risasi walitafuta mtumbwi wenye kasi zaidi, walisafiri usiku, na walimkatia askari sehemu yake. Adhabu kali ilipandisha bei ya hongo. Mhalifu anayeamini kwamba hatakamatwa haogopi ukubwa wa adhabu, na anayejua kwamba atanyongwa akikamatwa ana sababu moja zaidi ya kumuua shahidi.

Adhabu yenyewe iliendelea baada ya Amin. Aprili 1999 watu 28 walinyongwa Luzira kwa siku moja. Machi 2002, huko Kotido, wanajeshi wawili walipigwa risasi hadharani siku chache tu baada ya mauaji ya padri Mwairishi na wenzake wawili. Kesi yao ilichukua saa chache, na nafasi ya kukata rufaa hawakuipata.

Mwaka uliofuata wafungwa 417 waliosubiri kifo, Susan Kigula akiwa wa kwanza katika orodha, walifungua kesi ya kikatiba. Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi mwaka 2005, na Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi iliuthibitisha Januari 2009. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa, kwa kuwa Katiba ya 1995 inaitambua. Lakini mahakama ilikataa kifo cha lazima: jaji apewe nafasi ya kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu. Ilisema pia kwamba mfungwa asiyenyongwa ndani ya miaka 3 tangu rufaa yake ya mwisho adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Kigula alisoma sheria akiwa gerezani na akaachiliwa mwaka 2016.

Kuhusu namna ya kuua, majaji walikubali kitanzi kibaki. Inafaa kulinganisha na Tanzania. Katika kesi ya Mbushuu, mwaka 1995, Mahakama ya Rufani ilikiri kwamba kunyonga ni adhabu ya kikatili na yenye kudhalilisha, kisha ikasema kwamba Katiba inairuhusu kwa manufaa ya umma. Manufaa hayo ni yapi, kama si kule kuwatisha wengine? Tunarudi pale pale.

Na kuna jambo moja ambalo halirekebishiki. Edmary Mpagi alihukumiwa kunyongwa mwaka 1982 kwa kumuua mtu ambaye alikuwa hai. Alikaa gerezani zaidi ya miaka 18 kabla ya kuachiliwa mwaka 2000. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti haikati rufaa.

Jirani zetu wamepita njia tofauti. Rwanda iliwapiga risasi hadharani watu 22 Aprili 1998 kwa makosa ya mauaji ya kimbari, kisha ikaifuta adhabu hiyo mwaka 2007. Burundi iliifuta mwaka 2009. Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa kifo cha lazima kwa kosa la kuua mwaka 2017. Kongo, kwa upande wake, ilitangaza mwaka 2024 kurejea kwenye utekelezaji wa adhabu hiyo, baada ya kuusitisha kwa zaidi ya miaka 20.

Hatusemi kwamba uchungu wa waliofiwa ni mdogo. Anayedai kitanzi kwa sababu mtoto wake ameuawa anadai haki, na anastahili kujibiwa kwa upelelezi wa kweli na kesi isiyochelewa. Lakini anayekidai kwa sababu kitawatisha wengine, aulizwe kwa adabu: kiliwatisha wapi? Makondo hawakutishika, wala wapiganaji, wala wavusha kahawa. Wote walitia maji.