Chembe Sahani katika Presha ya Mimba: Kwa Nini Kipimo Kimoja Hakitoshi

Mjamzito aliyevuka wiki ya 20 akikutwa na presha ya 140/90 au zaidi, jambo la kwanza linaloulizwa ni kama mkojo wake una protini. Swali hilo ni la haki, ila limetawala mno. Idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, inastahili uzito huohuo, tena isisomwe kama namba moja bali kama mwendo.

Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha isipopanuka ipasavyo, kondo humwaga katika damu ya mama vitu vinavyojeruhi utando wa ndani wa mishipa yake. Chembe sahani hunasa kwenye majeraha hayo na kuisha kabla ya siku zao, ilhali kwa kawaida huishi siku 7 hadi 10. Uboho ukishindwa kufidia, idadi hushuka. Mara nyingi kushuka huko hutuambia kwamba uharibifu unaendelea ndani, hata kama dawa zimekwisha kuituliza presha.

Hapo ndipo mpaka wa 100,000 kwa mikrolita unapoweza kupotosha. Ni sahihi kuhesabu idadi iliyo chini yake kuwa dalili ya ugonjwa mkali. Lakini mama aliyekuwa na 260,000 asubuhi akafika 130,000 usiku ataonekana yuko salama, kumbe anaporomoka. Mwenzake mwenye 110,000 tangu miezi ya kati, presha yake ikiwa ya kawaida, huenda ana upungufu mwepesi wa ujauzito unaoisha wenyewe baada ya kujifungua. Malaria nayo huzipunguza. Hata kichupa chenye kifuniko cha zambarau huweza kudanganya: kwa watu wachache, dawa iliyomo ya kuzuia damu isigande huzifanya chembe sahani zishikane mafungu, na mashine ikahesabu pungufu. Tone la damu likitandazwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, mafungu hayo huonekana. Huweza kuonekana pia vipande vya chembe nyekundu zilizokatikakatika, na hivyo si vya kupuuza hata kidogo: huashiria HELLP, hali iliyopewa jina hilo na daktari Louis Weinstein wa Marekani mwaka 1982, ambamo chembe nyekundu hupasuka, vimeng'enya vya ini hupanda na chembe sahani hupungua. Baadhi ya wanaoipata hawana presha ya juu wala protini. Wana maumivu tu chini ya mbavu za kulia, yanayodhaniwa kuwa vidonda vya tumbo. Karibu theluthi huipata baada ya kujifungua, wengi wao ndani ya saa 48.

Hesabu hii hubadili hata namna ya kutibu. Magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege ambayo mama huyu hapaswi kunyimwa, vituo vingi huanza kuitoa kwa sindano ya mshipani pamoja na gramu 5 katika kila tako. Chembe zikiwa chache sana, msuli huweza kuvujia damu ndani, na njia ya mshipa peke yake huwa bora. Ganzi ya mgongoni kwa kawaida huonekana salama kuanzia 70,000. Upasuaji chini ya 50,000 hudai chembe za kuongezewa ziwe tayari.

Nitaambiwa zahanati haina mashine. Ni kweli. Muuguzi anaweza kutia mililita 2 za damu kwenye kirija kikavu cha kioo, akakifumbata mkononi kipate joto. Damu isipoganda kwa dakika 7, mfumo wa kugandisha umeharibika. Lakini jibu hilo huja hatari ikiwa imekwisha kufika, kwa hiyo rufaa isilingoje.

Penye mashine hatuna kisingizio. Idadi iandikwe kwenye kadi tangu hudhurio la kwanza, kando ya wingi wa damu. Ugonjwa ukiwa mkali, irudiwe kila saa 6 hadi 12, na mama asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla idadi haijaanza kupanda.