Jim Thompson: mzee wa hariri aliyepotelea milimani

Alasiri ya Jumapili ya Pasaka, tarehe 26 Machi 1967, watu wanne walikuwa wamejipumzisha katika nyumba iitwayo Moonlight, juu ya kilima katika Nyanda za Juu za Cameron, jimbo la Pahang nchini Malaysia. Asubuhi walikuwa wamekwenda kanisani. Mchana walibeba chakula wakaenda kula nje, mlimani, lakini mmoja wao, Mmarekani Jim Thompson, hakutulia na alitaka warudi mapema. Walipofika nyumbani kila mmoja alikwenda kujinyoosha. Yapata saa tisa na nusu, mwenyeji wao alisikia nyayo zikikanyaga changarawe za nje. Alidhani ni mgeni wake anakwenda kupunga hewa, na hakuona sababu ya kumfuata.

Thompson alikuwa ametimiza miaka 61 siku tano tu kabla. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, lakini siku hiyo aliacha sigara zake na kiberiti ndani ya nyumba. Aliacha pia koti, na kikasha kidogo cha vidonge alivyokuwa akimeza kila maumivu ya mawe ya nyongo yalipomshika. Mtu anayekusudia kwenda mbali hatoki mikono mitupu namna hiyo.

Giza likaingia, hakurudi. Hajaonekana tena, hai wala maiti.

Laiti angekuwa mtalii wa kawaida, habari yake ingeishia katika jalada la polisi wa Pahang. Lakini Thompson alikuwa miongoni mwa wageni mashuhuri kuliko wote katika Asia ya Kusini-Mashariki, na umashuhuri huo ndio uliozaa dhana nyingi kuhusu mwisho wake.

Alizaliwa mwaka 1906 katika jimbo la Delaware, Marekani, katika familia yenye uwezo. Alisoma Chuo Kikuu cha Princeton, kisha akafanya kazi ya usanifu wa majengo jijini New York. Vita Kuu ya Pili ilimwingiza katika OSS, shirika la ujasusi la Marekani lililotangulia CIA. Alihudumu Afrika Kaskazini na Ulaya, kisha akapelekwa Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, kujiandaa kwa kazi za siri huko Siam, yaani Thailand ya leo. Agosti 1945, alipokuwa tayari kwenda kuangushwa kwa mwavuli, Japani ilisalimu amri. Akaingia Bangkok vita vikiwa vimekwisha, akaupenda mji huo, na baada ya kuacha jeshi akaufanya kwao.

Wakati huo ufumaji wa hariri nchini humo ulikuwa unakufa. Vitambaa vya viwandani vilikuwa rahisi, na rangi za asili za hariri ya kienyeji zilichujuka upesi. Waliobaki na ujuzi wenyewe ni familia chache, nyingi zikiwa za mtaa wa Ban Krua, jamii ya Waislamu wenye asili ya Cham walioishi ukingoni mwa mfereji wa Saen Saep. Thompson aliwatembelea, akachukua vipande vya hariri yao, na mwaka 1947 akavipeleka New York kwa Edna Woolman Chase, mhariri wa jarida la Vogue. Mama huyo alivipenda, na mlango ukafunguka. Mwaka uliofuata Thompson akashiriki kuanzisha kampuni ya hariri ambayo Wathai wenyewe walikuwa na hisa ndani yake. Alileta rangi za kemikali zisizochujuka, lakini aliwaacha wafumaji, wengi wao wanawake, wafanye kazi majumbani mwao karibu na watoto wao. Mwaka 1951 mchezo wa muziki wa The King and I ulipopanda jukwaani Broadway, waigizaji walivaa hariri yake.

Nyumba yake aliijenga ng'ambo ya mfereji, akitazamana na wafumaji wake. Alinunua nyumba sita za kale za mbao kutoka sehemu mbalimbali, zikabomolewa na kuunganishwa kuwa moja, naye akahamia mwaka 1959. Humo aliwakaribisha waandishi, mabalozi na watu wa filamu, karibu kila usiku. Mtu wa aina hiyo, jasusi wa zamani mwenye marafiki kila kona, anapopotea katika mwaka ambao Vita vya Vietnam vimepamba moto na ndege za kivita za Marekani zinaruka kutoka viwanja vya Thailand, hakuna atakayeridhika kuambiwa kwamba ameteleza tu.

Msako ulianza usiku ule ule na kukua siku hadi siku. Polisi, askari, watawa, wanafunzi, watalii na wenyeji wa asili wa misitu hiyo, Orang Asli, waliingia porini kwa mamia. Helikopta zilizunguka angani. Jenerali Edwin Black, kamanda wa Jeshi la Marekani nchini Thailand na rafiki wa Thompson tangu enzi za OSS, alifika mwenyewe. Waganga wa Kimalay walikuja na ubani wao. Hata Peter Hurkos, Mholanzi aliyejipatia jina Marekani kwa kudai kuona yaliyofichika, alipelekwa kwenye nyumba hiyo, akatamka kwamba Thompson ametekwa na kupelekwa Kambodia. Baada ya siku kama kumi msako rasmi ulisitishwa. Hakikupatikana kiatu, wala kipande cha nguo, wala tone la damu.

Hapo ndipo dhana zilipoanza kumiminika, na kila mwamba ngoma akavutia kwake.

Ya kwanza ilikuwa utekaji nyara. Thompson alijulikana kuwa tajiri, na kampuni yake ilitangaza zawadi kwa mwenye habari. Barua za matapeli zilifika, lakini hakuna aliyedai fidia huku akionyesha ushahidi kwamba anaye. Watekaji wa kutafuta fedha wasingekaa kimya mwaka mzima, sembuse miaka.

Ya pili ilikuwa siasa. Thompson alikuwa ameelewana na wanasiasa wa mrengo wa Pridi Phanomyong, kiongozi wa harakati za Thai Huru wakati wa vita na waziri mkuu wa zamani, ambaye alilazimika kukimbia nchi baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1947. Mwaka 1967 Pridi alikuwa akiishi uhamishoni China. Basi ikasemwa kwamba Thompson amekwenda kuonana naye kwa siri, au amechukuliwa ili atumike. Wengine walisema hakuwahi kuacha ujasusi, kwamba hariri ilikuwa kisingizio. Dhana hizi zinavutia, lakini zote zinamtaka mtu wa umri huo aingie katika safari ya siri bila vidonge vyake.

Miaka hamsini baadaye, mwaka 2017, filamu ya hali halisi ilidai kwamba Thompson aliuawa na wapiganaji wa Chama cha Kikomunisti cha Malaya. Dai hilo halikutoka hewani. Kuanzia 1948 hadi 1960 misitu ya Malaya ilikuwa uwanja wa vita kati ya wapiganaji hao na majeshi ya Waingereza, vita ambavyo Waingereza waliviita Hali ya Hatari. Hata askari wa King's African Rifles, wakiwamo wa batalioni ya Kenya, walipelekwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini kufikia 1967 mabaki ya wapiganaji yalikuwa yamerudi nyuma hadi mpakani mwa Thailand, na katibu mkuu wao, Chin Peng, alikuwa akiishi Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kumuua Mmarekani mashuhuri kisha wasijisifu wala kumtumia kwa propaganda kungekuwa jambo la ajabu kwa chama kilichopigania kusikika.

Kulikuwa pia na waliosema amejiua. Mwaka 1962 serikali ya Thailand ilichukua vichwa vya kale vya sanamu za Buddha kutoka nyumbani kwake, jambo lililomuumiza kiasi cha kubadilisha wosia wake. Afya yake nayo ilikuwa imeanza kulegalega. Wengine walisema amegongwa na lori barabarani na dereva akamzika kwa woga. Wengine walisema chui milia, mnyama aliyekuwapo kweli katika misitu hiyo, ingawa chui milia huacha damu na matambara. Na wengine waliwanyooshea kidole Orang Asli kwa mishale yao ya sumu na mitego ya kuwindia, bila kuonyesha sababu yoyote ya watu hao kumdhuru mgeni aliyekuwa akipita. Tuhuma hiyo haikuwa ya haki. Watu wale wale walioshukiwa ndio walioombwa kusaidia kumtafuta, nao walikwenda.

Miezi mitano baada ya Thompson kutoweka, mwishoni mwa Agosti 1967, dada yake mkubwa aliuawa nyumbani kwake huko Pennsylvania. Muuaji hakujulikana. Hakuna kilichowahi kuunganisha matukio hayo mawili, lakini kwa waliokwisha kuamini kwamba kuna mkono uliojificha, msiba wa pili ulikuwa ushahidi tosha.

Katika msako wa kumtafuta Thompson alikuwapo mtu mmoja ambaye maoni yake yalikuwa na uzito kuliko ya wengi. Richard Noone alikuwa mtaalamu wa watu wa asili wa Malaya na aliyajua maisha ya msitu. Aliingia porini na wafuatiliaji wa nyayo, akatoka akisema kwamba Thompson hayumo humo. Kama angekuwamo, alisema, tungeona alama. Kauli hiyo ndiyo iliyowapa nguvu wenye dhana za utekaji, na bado inanukuliwa.

Lakini historia ya Noone mwenyewe inafundisha jambo jingine. Kaka yake, Pat Noone, alikuwa mwanaanthropolojia aliyeishi na Watemiar, mojawapo ya jamii za Orang Asli, akaoa kwao, na alipotoweka katika misitu ya Malaya mwaka 1943 hakuacha dalili. Kwa miaka mingi familia haikujua kilichompata. Ukweli ulipotoka, haukutokana na nyayo wala mifupa, bali na maneno ya watu waliokuwa wakijua na wakanyamaza: aliuawa kwa mshale wa sumu na Mtemiar aliyekuwa mtu wake wa karibu, kwa sababu ya mwanamke. Msitu ule ulikuwa umekwisha kummeza mzungu mzima aliyeujua kuliko Thompson, bila kurudisha chochote.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Jumamosi, siku moja kabla ya kutoweka, Thompson na mwenyeji wake walitoka kutembea katika njia za msituni karibu na nyumba hiyo hiyo, wakapotea. Walitoka kwa taabu. Thompson alijivunia mafunzo yake ya msituni ya zamani, na haishangazi kama kesho yake alitaka kurudi peke yake kuona walikosea wapi. Kwa matembezi ya namna hiyo, ya kutoka na kurudi kabla ya chai ya jioni, hapana haja ya koti, sigara wala vidonge.

Anayejua misitu ya milima ile hatashangaa pia kwamba hakuonekana. Nyumba iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Ukiacha njia, hatua chache tu unazungukwa na mimea itambaayo yenye miiba, majani mapana na mabonde ambayo chini yake hakuonekani kutoka juu. Mvua hunyesha karibu kila alasiri. Mtu akiteguka mguu korongoni na sauti ikafunikwa na maji ya kijito, jirani yake anaweza kupita mita ishirini kutoka alipo asimsikie. Joto, unyevu, siafu na nguruwe mwitu humaliza mwili kwa muda mfupi. Na wafuatiliaji hodari walipofika, mamia ya watu wenye nia njema walikuwa wamekwisha kuzikanyaga njia zote.

Mwaka 1974 sheria ilimtangaza Thompson kuwa amefariki. Nyumba yake ya Bangkok ikawa jumba la makumbusho chini ya taasisi yenye jina lake, na kampuni yake inaendelea kuuza hariri. Ng'ambo ya mfereji, Ban Krua ilipambana kwa miaka mingi na mpango wa barabara kuu iliyotishia kuukata mtaa huo, na familia chache bado zinafuma. Wao ndio waliompa Thompson jina lake, na wanastahili kutajwa kila kisa chake kinaposimuliwa.

Kwa hiyo, baada ya zaidi ya nusu karne, dhana inayobeba ushahidi mwingi kuliko nyingine ndiyo ile iliyopendwa kidogo kuliko zote. Mzee mwenye maumivu ya nyongo alitoka kutembea, akakosea njia au akaanguka, na saa za mchana zikamwishia. Kama ndivyo, basi hakufika Kambodia wala China. Yumo ndani ya umbali ambao mtu wa miaka 61 anaweza kutembea kwa mguu kati ya saa tisa na nusu na magharibi, kilomita chache kutoka kwenye baraza ya Moonlight, katika mabonde ambayo msako wa 1967 haukuweza kuyapekua yote.